Pizza ya mbabula, na unga uliolala usiku

Mwezi huu tunataka kuongea nanyi juu ya pizza. Tunajua wengine mtacheka. Mtu atasema, bukari yenyewe ni ya kutafuta kwa jasho, hawa nao wanatuletea habari za pizza? Ngojeni kidogo. Pizza ni mkate tu wenye nyanya juu yake, na mkate tunaujua wote. Haya tuliyojifunza yatakusaidia hata kama wewe kazi yako ni mikate ya kuuza, au maandazi ya watoto kabla ya shule.

Mambo yalianza na picha. Binti yetu wa kwanza, ambaye wadogo zake wanamwita Yaya, alihamia Marekani na mume wake kwa mpango wa kupelekwa nchi ya tatu. Siku moja akatuma picha kwenye simu. Wamekaa mezani, na mbele yao iko pizza kubwa kama sinia, jibini linavutika kama ulimbo. Wadogo zake walizunguka hiyo simu mpaka chaji ikaisha. Halafu wa mwisho, wa miaka 6, akauliza: "Mama, Yaya akirudi kututembelea, huku kwetu atakula nini?"

Swali hilo lilituchoma. Hatukutaka mtoto akue akifikiri kwamba kwetu hakuna kitu cha kumpa mgeni, tena mgeni mwenyewe ni dada yake. Tukasema, basi, pizza itapikwa hapa hapa, na Yaya naye atatumiwa picha.

Pizza ya kwanza

Tulienda soko la Kashikishi kununua farini ya ngano kilo moja, hamira (ile tuliyozoea Congo kuiita levire), nyanya na vitunguu. Pesa yenyewe ilikuwa ya sabuni. Tuliporudi tulifanya kila kitu mbio mbio. Hamira tulijaza kijiko kizima, maji ya moto, sukari nyingi ili unga uumuke upesi. Baada ya nusu saa tukaupanga kwenye sufuria, mnene kama godoro, tukamwagia nyanya mbichi juu, tukafunika, tukachochea mbabula kweli kweli.

Harufu ya kuungua ilitufikia kabla ya kitu kuiva. Chini ilikuwa nyeusi kama makaa yenyewe. Juu unga ulikuwa mbichi, maji ya nyanya yanaogelea. Watoto walitafuta katikati palipoiva kidogo. Yule wa mwisho akasema, "Tamu, Mama," lakini tulimwona anaficha kipande chake chini ya sahani. Na wiki hiyo tulifua kwa maji matupu.

Jirani yetu, mama wa Kizambia anayeoka mikate kwenye tanuri ya udongo wa kichuguu, alikuja kuangalia. Aligeuza kile kipande, akanusa, akabonyeza kwa kidole. Akasema: "Bamayo, farini hii mmeikimbiza. Mmeikimbiza kama watu wanaofuatwa nyuma." Halafu akatuambia siri yake: yeye unga wa mikate anaukanda jioni, hamira kidogo sana, na unalala mpaka asubuhi.

Bibi yetu alikuwa pembeni anachagua maharage. Aliinua kichwa, akasema neno moja tu: "Hapa unga haulali."

Sababu ya Bibi

Hapa inafaa tueleze, maana pengine nyumbani kwenu pia kuna sheria kama hiyo bila mtu kuitaja.

Sisi tunatoka upande wa Pweto, pale maji ya Ziwa Mweru yanapotoka na kuwa mto Luvua. Desemba 2000, vita vilipofika Pweto, tulivuka kuingia Zambia na sufuria iko bado motoni. Tulikaa kambi ya Kala, wilaya ya Kawambwa. Mwaka 2008 tukarudi nyumbani, tukalima, tukajenga, na Kala yenyewe ikafungwa 2010. Tukasema imekwisha. Kumbe bado. Mwaka 2017 tukakimbia tena, tukaingia kwa njia ya Chiengi, tukapita kituo cha Kenani, na mwaka uliofuata tukaletwa hapa Mantapala.

Ile 2017, usiku tulioondoka, mihogo yetu ilikuwa imelowekwa majini siku ya tatu. Ilibaki siku moja tu itolewe, imenywe, ianikwe. Bibi aliililia ile mihogo kuliko nyumba. Tangu siku hiyo akaweka sheria: kisilowekwe kitu cha kungoja kesho. Kilichopikwa kiliwe leo. Unga ukae umefungwa kwenye kitambaa karibu na mlango. Hata mihogo, hatukuloweka tena. Tulinunua unga uliokwisha kusagwa, ingawa bei yake iko juu. Watoto waliozaliwa hapa walikua wakidhani ndivyo watu wote wanavyoishi.

Kwa hiyo jirani aliposema unga ulale, hakujua amegusa nini.

Hatukubishana na Bibi. Mtu mzima habishiwi mbele ya watoto. Tulingoja wiki mbili mpaka tukapata tena pesa kidogo, kisha jioni moja mmoja wetu akamwambia: "Mama, tuuweke karibu na kitanda chako. Ukiona haifai, uamshe watu tuukaange maandazi usiku huo huo." Akanyamaza. Kwa Bibi, kunyamaza si kukataa.

Unga wa kulala

Vipimo vyetu ni hivi, kwa pizza 4 za ukubwa wa kaango la kawaida. Kikombe tunachosema ni cha robo lita.

Farini ya ngano vikombe 4, yaani kama nusu kilo. Maji ya kawaida kikombe 1 na robo. Chumvi vijiko vidogo 2. Hamira kavu robo ya kijiko kidogo tu. Ndiyo, robo! Sukari hatuweki.

Ngano ikikusumbua kwa bei, toa nusu kikombe uweke unga wa muhogo mkavu uliochekechwa vizuri. Usizidishe hapo. Ngano ina mvutano, ukiuvuta unga unarudi kama mpira, na mvutano huo ndio unaofunga hewa ndani. Muhogo hauna. Ukiwa mwingi, mkate unakuwa tofali.

Changanya mpaka usione unga mkavu. Acha dakika 15, kisha kanda dakika 5. Utaona unanata kidogo mkononi. Usiogope, na usiongeze farini, kwa sababu unga mkavu sana hauumuki vizuri. Paka mafuta kidogo, funika kwa sahani, uache ulale. Kwa nini robo ya kijiko inatosha? Hamira ni kitu chenye uhai. Inakula ndani ya unga na kutoa hewa, na kadiri saa zinavyopita inaongezeka kazi. Ukiijaza mara moja inapuliza unga upesi, ladha haijapata nafasi, na mkate unanuka hamira. Ukiipa usiku kucha, unga unajikaza wenyewe na ladha inakuja. Haraka haraka haina baraka, wazee walishasema.

Angalia hali ya hewa. Juni na Julai, usiku ukiwa wa baridi, saa 12 hazina tatizo. Oktoba kwenye joto kali, punguza hamira iwe ya kubana kwa vidole viwili, na weka sufuria ya unga ndani ya beseni lenye maji baridi.

Usiku ule Bibi aliamka mara mbili. Tulisikia mfuniko unafunguliwa na kufungwa. Hakuna aliyesema kitu. Saa kumi na mbili asubuhi tukamkuta amekaa karibu na sufuria, amefunua. Unga ulikuwa umepanda umejaa mpaka juu, una matundu ya hewa kama ngozi ya chura. Bibi aliubonyeza kwa kidole, akasema: "Kumbe uko."

Asubuhi hiyo gawa unga mafungu 4, viringisha kila fungu kama tunda, funika kwa kitambaa chenye unyevu, uache tena saa 2 au 3. Ukitaka kutandaza, tumia vidole kuanzia katikati kwenda kando. Usitumie chupa ya kusukumia, itatoa ile hewa yote uliyoingojea usiku kucha.

Moto wa juu na wa chini

Kosa letu kubwa la pili lilikuwa moto. Mji wa Napoli huko Italia, ambako pizza hii ya nyanya ilikulia ikiwa chakula cha watu wa kipato kidogo, wanaoka kwenye tanuri ya kuni yenye joto la nyuzi zaidi ya 400. Pizza inaiva kwa dakika moja au moja na nusu. Joto linatoka chini kwenye sakafu, na linatoka juu kwenye paa la tanuri. Ufundi wao uliandikwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa binadamu Desemba 2017. Wakati huo sisi tulikuwa tunalala chini ya turubai, hatujui hata habari hiyo.

Mbabula ina moto wa chini peke yake. Ndiyo maana chini kulikuwa makaa na juu kubichi. Dawa yake ni hii:

Kwanza, tumia kaango zito la chuma, si sufuria nyepesi. Lipashe tupu mpaka tone la maji likianguka linaruka ruka.

Pili, weka unga uliotandazwa mwembamba bila kitu chochote juu. Baada ya dakika 1 hivi utaona mapovu juu na madoa ya kahawia chini. Ugeuze. Sasa upande ulioiva uko juu, na hapo ndipo unapaka nyanya na kuweka vitu vyako.

Tatu, funika kwa mfuniko wa chuma ulio bapa, uweke makaa yanayowaka juu ya mfuniko. Gawa makaa yako mafungu matatu: mawili juu, moja chini. Ngoja dakika 5 mpaka 7. Usitumie bati jipya la kuezekea kama mfuniko, lina zinki, na moshi wake kwenye moto mkali si mzuri kwa mtu.

Wazazi, sikieni vizuri hapa. Kazi hii ifanyike nje, watoto wakae mbali na ule mfuniko. Na mbabula yenye makaa isiingizwe ndani mkalala nayo, hata kama ni baridi. Makaa yanatoa hewa mbaya isiyo na harufu, na watu hawaamki.

Ukiwa na jirani mwenye tanuri ya udongo kama wetu, ongea naye. Tanuri ikitoka kuwashwa inakuwa kali mno kwa mikate. Huo ndio wakati wa pizza. Pizza zikitoka, tanuri imepoa kidogo na mikate inaingia. Sisi sasa tunamletea jirani kuni, yeye anatupa robo saa ya mwanzo.

Na asiyekuwa na mfuniko wa chuma wala tanuri, asikate tamaa. Unguja, pale Forodhani, wapishi wa jioni wana pizza yao isiyohitaji hamira wala moto wa juu. Unga unatandazwa mwembamba kama wa chapati, katikati wanaweka nyama ya kusaga, vitunguu na yai, wanakunja pande zote nne kuwa kama bahasha, wanakaanga kwa mafuta kwenye chuma bapa. Inaitwa pizza ya Zanzibar. Imeacha ya Napoli mbali kabisa, na hakuna anayewauliza kwa nini.

Vitu vya juu

Kwenye nyanya tulikosea pia. Nyanya mbichi ina maji mengi, na moto wetu hauna nguvu ya kuyakausha. Kwa hiyo menya nyanya 5 au 6, zikatekate, zichemshe na chumvi na punje 2 za kitunguu saumu mpaka ziwe nzito, kijiko kikipita kinaacha njia. Paka nyembamba tu. Watu wengi wanafikiri pizza nzuri ni ile iliyojaa. Ikijaa inalowa.

Kwa upande wa jibini, la dukani hatuliwezi. Ukipata maziwa lita 1, yachemshe, yatoe motoni, utie vijiko vikubwa 2 au 3 vya maji ya ndimu au siki. Yatakatika. Yachuje kwa kitambaa safi, uyaning'inize saa moja, utie chumvi. Halivutiki kama lile la kwenye picha, lakini ni tamu.

Lakini chetu hasa ni chisense. Samaki hawa wadogo wa Mweru, wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mchangani, kila nyumba inawajua. Waoshe kwa maji ya moto mara mbili mchanga utoke, wakaange kidogo na vitunguu na mafuta ya mawese, kisha watawanye juu ya nyanya dakika 2 za mwisho tu, wasije wakaungua. Uzuri wao ni kwamba wakikauka wanakaa muda mrefu. Hata miezi ile ziwa linapofungwa kwa uvuvi, kuanzia 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, pizza yako haikosi samaki ukiwa uliweka akiba.

Kuna mtu alituuliza, je, kuweka chisense si kuharibu pizza ya wenyewe? Tulimjibu hivi: nyanya haikuwa ya Waitalia. Ililetwa Ulaya kutoka Amerika miaka ya 1500. Na muhogo wetu, ambao hakuna mtu wa Mweru anayeweza kufikiri maisha bila huo, nao ulitoka huko huko Amerika, ukaja Afrika na Wareno. Chakula nacho kinasafiri, kinafika mahali, kinapokelewa, kinakuwa cha pale.

Siku ya picha

Pizza ya pili haikuwa ya duara. Ilifanana zaidi na ramani ya Zambia. Lakini chini ilikuwa na madoa ya kahawia, kando imepanda, na ukiikunja haivunjiki. Watoto waligombania kona. Yule wa mwisho hakuficha kitu chini ya sahani, tuliangalia. Jirani alipewa kipande cha kwanza kwa heshima ya ualimu wake, akatafuna polepole, akamwambia Bibi: "Banakulu, leo mmetulia."

Tukampigia Yaya picha. Akapiga simu usiku huo huo, kwake ilikuwa mchana. Kumbe ile pizza kubwa waliyopiga nayo picha waliinunua kwenye boksi, na huwa wanakula siku za mshahara tu, kwa sababu wote wawili wanafanya kazi usiku na hawana saa ya kupika. Akauliza, "Mama, mlifanyaje kando ikapanda hivyo?" Tukamweleza, farini vikombe 4, hamira robo kijiko. Akaandika. Akasema atajaribu siku ya kupumzika. Mdogo wake akachukua simu akamwambia, "Usiukimbize, Yaya. Uache ulale."

Wiki iliyofuata Bibi alitoka na beseni bila kumwambia mtu. Alirudi na mihogo michungu kutoka shamba la jirani. Akaimenya, akailoweka kwenye pipa nyuma ya nyumba, akafunika kwa majani. Kama mnavyojua, inataka siku 3 au 4 ili sumu yake itoke, haiwezi kuharakishwa. Watoto wakamuuliza itatoka lini. Akahesabu kwa vidole, akasema, "Alhamisi."

Alhamisi ikafika, tukaitoa, tukaianika. Unga wake ndio tunaochanganya sasa kwenye pizza, ile nusu kikombe.

Basi ndugu zetu, jaribuni nyumbani, na mkiona njia nyingine iliyo bora mtuandikie, tutaisoma kwa furaha. Hasa mwenye kujua namna ya kufanya jibini livutike, asitufiche.

Sisi, familia moja ya Mantapala, Nchelenge.